Windows, Mac na Linux: nimezipima kwa siku tundu linapogundulika

Niseme kwanza kipimo changu, maana watu wakikaa kubishana Windows na Mac na Linux kila mtu anakuja na kipimo chake mfukoni na hakitoi, ndo maana ubishi hauishi. Mi mfumo wa kompyuta siupimi kwa idadi ya virusi vilivyoandikwa kwa ajili yake, wala kwa uzuri wa madirisha yake, wala kwa nani anautumia. Naupima siku ambayo tundu limegundulika. Kila mfumo una matundu, hilo halina mjadala, ni mamilioni ya mistari ya kodi, yaani maandishi ya programu, iliyoandikwa na binadamu. Sasa tundu likishajulikana, kiraka, yaani apdeti ya kuliziba, kinatoka baada ya muda gani? Kinamfikia nani na nani anaachwa? Na wenye mfumo wanakwambia ukweli au wanakuzungusha? Nimeshazitumia zote tatu kwa kazi za kila siku, kwa miaka, sio kuonja wikiendi moja na kurudi, na haya mambo yananigusa kweli kwa sababu kompyuta ndo inabeba kazi yangu, picha zangu, barua zangu na paswedi za kila kitu.

Nianze na Windows. Hoja ambayo utaisikia kila mahali ni kwamba Windows inashambuliwa sana kwa sababu ina watu wengi, mwizi anaenda penye nyumba nyingi. Ni kweli lakini ni nusu tu ya maelezo. Nusu nyingine ni tabia ambazo Windows ilizaliwa nazo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti ya kwanza uliyofungua nyumbani ilikuwa na mamlaka yote ya mashine, kwahiyo programu yoyote uliyoibonyeza nayo ilikuwa na mamlaka yote, ikitaka kuandika ndani ya moyo wa mfumo inaandika, hakuna wa kuiuliza. Na ule ukuta wa kuchuja mawasiliano ya mtandao ulikuwepo ila ulikuwa umezimwa mpaka uuwashe mwenyewe, na nani aliyekuwa anajua kama upo. Mwezi Agosti 2003 akaja mdudu anaitwa Blaster, huyu hakuhitaji ubonyeze kitu, unaunganisha kompyuta kwenye intaneti na baada ya muda inakuletea ujumbe kwamba inajizima ndani ya sekunde 60, inahesabu, inajizima, inawaka, inaanza tena. Sasa angalia kipimo changu hapo: kiraka cha lile tundu Microsoft walikuwa wameshakitoa Julai, karibu mwezi mzima kabla. Kiraka kipo, watu hawajakiweka. Hii habari itajirudia sana humu ndani.

Ila nitawapa Microsoft haki yao, kwa sababu walibadilika na walibadilika kwa vitendo. Januari 2002 Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wote waraka akisema wakifika mahali pa kuchagua kati ya kuongeza kitu kipya na kutatua tatizo la usalama, wachague usalama. Oktoba 2003 wakaanzisha utaratibu wa kutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mpaka leo upo. Mwaka 2004 wakatoa ile apdeti kubwa ya XP inayoitwa Service Pack 2 ikawasha ule ukuta kwa kila mtu bila kuulizwa. Windows Vista ikaja na lile dirisha la kukuuliza ndiyo au hapana kila programu inapotaka mamlaka, watu walilichukia mno, lakini lile dirisha ndo lilianza kuwafundisha watengeneza programu waache kudai mamlaka ya mashine nzima kwa kitu kidogo kama kubadilisha rangi. Na leo ukiniuliza kama unahitaji kununua antivairasi kwenye Windows 10 au 11 nitakwambia kwa mtu wa kawaida hapana, Defender inayokuja nayo inatosha, iache iwake, iache ijisasishe, usiweke nyingine juu yake zikaanza kugombana.

Sasa tuje 2017, maana hapo ndo kipimo changu kilipozaliwa. Machi 14 mwaka ule Microsoft walitoa kiraka cha tundu kwenye SMB, ule utaratibu wa zamani ambao kompyuta zinatumia kugawana mafaili kwenye mtandao. Aprili kikundi kinachojiita Shadow Brokers kikamwaga mtandaoni silaha iliyotengenezwa na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, inaitwa EternalBlue, na silaha hiyo ilikuwa inapita kwenye tundu lilelile. Mei 12 ikaja programu ya kuteka mafaili inaitwa WannaCry, ikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, na Uingereza hospitali za umma zikaahirisha upasuaji na kuelekeza wagonjwa kwingine. Miezi miwili, jamani. Kiraka kilikuwa kimekaa miezi miwili kinasubiri kubonyezwa. Na ilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka cha dharura mpaka cha XP, ambayo walikuwa wameshaacha kuihudumia tangu Aprili 2014, kitu ambacho hawakuwa na wajibu wa kukifanya na nawashukuru walikifanya. Ila nina neno pia kwa upande wa serikali: tundu lile NSA walilijua na walilitumia kimyakimya badala ya kumwambia mwenye mfumo alizibe, kwahiyo mtu anaposema serikali ziachiwe funguo za siri kwenye mifumo yetu kwa ajili ya usalama, ajue silaha zikihifadhiwa kabatini siku moja kabati linavunjwa.

Kwanini watu hawakubonyeza? Hapa wataalamu wengi wanamlaumu mtumiaji na mi siungi mkono. Mi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa nimezima apdeti kabisa kwa sababu bando lilikuwa linaisha na kwa sababu niliogopa mashine isije ikaharibika katikati ya kazi. Alafu siku moja nikashusha programu ya kuhariri video iliyovunjwa leseni kutoka kwenye tovuti moja, nikazima antivairasi kama maelekezo yalivyosema, nikaibonyeza. Asubuhi yake kila faili lilikuwa na mkia mpya wa herufi ambazo sizijui, na kwenye kila folda kuna faili la maandishi linadai malipo. Bakapu yangu ya mwisho ilikuwa ya miezi saba nyuma. Picha za miezi saba zilienda, hazijarudi. Kwahiyo naongea kama mtu aliyezima ulinzi kwa mkono wake mwenyewe, na sababu iliyonifanya nizime haikuwa ujinga, ilikuwa hofu ya apdeti. Na hiyo hofu ina msingi, Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo la 1809 la Windows 10 wakalisimamisha ndani ya siku chache kwa sababu lilikuwa linawafutia baadhi ya watu mafaili kwenye folda zao, likarudi Novemba. Kila apdeti mbovu inazalisha maelfu ya watu wanaozima apdeti, alafu mdudu mwingine akija anawakuta hao. Kampuni ikiharibu kiraka imeharibu usalama, hata kama kiraka chenyewe kilikuwa cha kuongeza kitufe tu.

Windows 11 sasa. Ilitoka Oktoba 2021 na masharti yake ni kompyuta iwe na chipu ya TPM 2.0, iwe na Secure Boot, na prosesa isiwe ya zamani, kwa Intel kwa sehemu kubwa ni kizazi cha nane kwenda mbele. Sharti la TPM kimantiki ni zuri, ile ni chipu ndogo inayotunza funguo za kusimbia diski yako, yaani kuifunga isisomeke bila ufunguo, mahali ambapo programu haiwezi kuzichungulia, na Secure Boot inahakikisha kinachowaka kwanza mashine inapoanza hakijachezewa. Mi napenda hivyo vitu na navitumia. Tatizo langu ni nani anaachwa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na kwa mtu wa nyumbani anayejiandikisha kuna mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka mpaka Oktoba 2026, baada ya hapo basi. Kuna laptopu nyingi sana duniani zenye RAM ya kutosha, SSD nzima, kioo kizima, betri inashika, ila prosesa yake ni ya mwaka 2016, hizo Windows 11 haizitaki rasmi. Unamwambia mwenye nayo nini? Anunue nyingine, au abaki bila viraka. Wengi watabaki bila viraka, tuseme ukweli, kwa hiyo sharti lililowekwa kwa jina la usalama linaacha nyuma kundi kubwa la mashine ambazo tundu likigundulika mwaka 2027 hakuna mtu wa kuwaletea kitu. Hapa Microsoft nawatoa alama na sioni aibu kuwatoa.

Na kuna lile suala la Recall. Mei 2024 walitangaza kitu ambacho kinapiga picha ya skrini yako kila baada ya sekunde chache ili baadae uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Watafiti wa usalama wakachungulia toleo la majaribio wakakuta yale maandishi yaliyotolewa kwenye picha yanahifadhiwa kwenye hifadhidata ya SQLite ambayo programu iliyoingia kwenye akaunti yako inaisoma tu. Fikiria mwizi aliyekuwa anapata shida kukusanya paswedi na mazungumzo yako, sasa anakuta yameshakusanywa na kupangwa. Microsoft waliahirisha, wakairudisha ikiwa imesimbwa, inadai uso au alama ya kidole kufunguka, na haiwaki mpaka uikubali. Marekebisho ni mazuri lakini swali langu ni iliwezaje kufika kwenye tangazo ikiwa vile, kampuni ileile yenye waraka wa 2002. Hilo linanisumbua kuliko tundu la kawaida, tundu la kawaida ni bahati mbaya, hili lilipita kwenye vikao.

Mac. Naipenda Mac na nikikaa kwenye Mac nafanya kazi kwa utulivu, hilo nalisema wazi. Chini yake kuna Unix, mfumo mkongwe wa kompyuta, ile familia yake ya BSD iliyopitia kampuni ya NeXT mpaka ikawa Mac OS X mwaka 2001, kwahiyo utaratibu wa nani ana ruhusa ya kufanya nini umekuwepo tangu mwanzo, haukubandikwa baadae. Tangu 2012 kuna Gatekeeper inayokagua kama programu imesainiwa, tangu 2015 kuna ulinzi unaozuia hata mwenye mamlaka yote asiguse mafaili ya msingi ya mfumo, FileVault inasimba diski nzima na huhisi mashine kuwa nzito, na bakapu ya Time Machine ni kitu ambacho unaunganisha diski ya nje, unakubali mara moja, basi imeisha. Laiti ningekuwa na kitu kama hicho ile asubuhi ya mafaili yenye mikia.

Lakini ule msemo kwamba Mac haipati virusi tuuache. Mwaka 2012 kulikuwa na kitu kinaitwa Flashback, kiliingia Mac kama 600,000 kupitia tundu la Java, na angalia tena kipimo: Oracle wenye Java walitoa kiraka Februari, lakini Java ya kwenye Mac ilikuwa inatolewa na Apple wenyewe, na Apple wakakitoa mwanzoni mwa Aprili. Hizo wiki saba ndo zilizowaumiza watu. Mwaka huohuo Apple wakaondoa kwenye tovuti yao yale maneno ya kwamba Mac haipati virusi vya PC wakaandika tu kwamba imejengwa iwe salama. Februari 2014 tena, mstari mmoja wa kodi ulijirudia mara mbili, goto fail, ukafanya ukaguzi wa cheti cha tovuti uwe unarukwa, mtu aliyekaa kati yako na tovuti anaweza kujifanya ndo tovuti yenyewe. Wakatoa kiraka cha iPhone Ijumaa, na kwa kutoa kile kiraka dunia nzima ikajua tundu liko wapi, wakati Mac zenye tundu hilohilo zilisubiri siku nne. Novemba 2017 ikaja ile ya High Sierra, unaandika root kwenye jina, paswedi unaacha wazi, unabonyeza mara kadhaa, umeingia na mamlaka yote ya mashine. Ile ilikuwa aibu kubwa, ila kiraka kilitoka ndani ya siku moja tangu isambae na kikawa kinajiweka chenyewe, na kwa hilo nawapa sifa, hivo ndo inavyotakiwa.

Ninachowalaumu Apple ni ukimya. Microsoft kwa lawama zao zote wanakwambia tarehe, hii inakufa siku fulani, miaka kabla. Apple kwa kawaida wanatoa viraka kwa toleo la sasa na mawili ya nyuma yake, lakini hayo watu wameyajua kwa kuangalia mwenendo, hakuna karatasi ya ahadi yenye tarehe, na hata hayo matoleo ya nyuma huwa hayapati kila kiraka. Mwenye Mac ya Intel ameshaambiwa mwaka 2025 kwamba macOS 26 ndo ya mwisho kwake. Angalau hilo wamelisema mapema. Na mwaka 2016 pale FBI walipotaka Apple watengeneze mfumo dhaifu ili wafungue simu ya muuaji wa San Bernardino, bosi wa Apple wakati huo, Tim Cook, akakataa hadharani, na mi naamini alikuwa sahihi kwa sababu ileile niliyoisema juu ya NSA.

Linux ndo ninayoitumia kwa kazi yangu kuu sasa hivi, toleo linaloitwa Linux Mint, kwahiyo msomaji ujue nasimama wapi. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, leo inaendesha seva nyingi za intaneti, keneli yake, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, iko ndani ya kila simu ya Android, na kompyuta kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux tangu Novemba 2017. Kilichonivuta sio hizo sifa. Ni kwamba programu zote zinatoka kwenye ghala moja lililosainiwa, kivinjari, ofisi, kichezeo cha video, keneli yenyewe, na zinasasishwa pamoja kwa kubonyeza mara moja. Kwenye Windows kila programu ina msasishaji wake na nyingine haina kabisa, unaweza kukuta programu ya kufungulia mafaili ya zip ina miaka minne haijaguswa. Mint haikulazimishi kuwasha upya, inakwambia kuna viraka, vya usalama imeviwekea alama, unaendelea na kazi yako. Mint 22 itahudumiwa mpaka 2029, Ubuntu, toleo jingine la Linux, zile za muda mrefu ni miaka mitano na kwa matumizi binafsi ukijiandikisha bure unafika kumi. Na mashine ya 2012 inapata kiraka kilekile siku ileile na mashine ya mwaka huu, kwenye kipimo changu hakuna anayeikaribia hapo.

Sasa mashabiki wenzangu wa Linux mnisikilize, maana kuna uongo tunajidanganya. Tunasema kodi iko wazi, macho ni mengi, kwahiyo matundu yanaonekana. Tundu la Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL miaka miwili, 2012 mpaka Aprili 2014, maktaba ya programu ambayo sehemu kubwa ya tovuti zinazosimba mawasiliano zilikuwa zinaitegemea, na waliokuwa wanaitunza walikuwa wachache mno. Tundu jingine, Dirty COW, lilikaa kwenye keneli tangu 2007 mpaka Oktoba 2016. Macho yalikuwepo, hayakuwa yanaangalia pale.

Alafu kuna ile ya xz ambayo mpaka leo nikiifikiria nakosa raha. xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kila mahali kwenye Linux, na ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja anayejitolea, amechoka, alikuwa ameshasema hadharani kwamba nguvu zinapungua. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji anayejiita Jia Tan, akaanza kusaidia, kazi nzuri, taratibu, huku akaunti nyingine zikimsukuma mwenye mradi akabidhi kazi kwa mtu mwenye nafasi. Akakabidhiwa. Mwanzoni mwa 2024 kwenye toleo 5.6.0 na 5.6.1 akapenyeza mlango wa uani, aliuficha kwenye mafaili yanayoonekana kama ya majaribio tu, na kazi yake ilikuwa kumruhusu mwenye ufunguo fulani kuendesha amri kwenye seva kupitia SSH, ile njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, bila kujitambulisha. Ungefika kwenye matoleo yanayotumika na wengi sijui tungekuwa tunaongea nini leo. Aliyeukamata ni mhandisi anaitwa Andres Freund, alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kuipuuza ile nusu sekunde, akachimba mpaka akafika, akatangaza Machi 29, 2024. Ulikuwa umeshaingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, ambazo nazo ni aina za Linux, matoleo imara ulikuwa bado.

Unajua Freund anafanya kazi wapi? Microsoft. Ile kampuni ambayo bosi wake wa wakati ule Steve Ballmer mwaka 2001 aliiita Linux saratani, mfanyakazi wake ndo aliyeiokoa. Na Microsoft wenyewe siku hizi wameiweka Linux ndani ya Windows tangu 2016 na wameinunua GitHub mwaka 2018, ambako miradi mingi ya programu huria inakaa. Kwahiyo ukiona mtu anatukana mwenzake kwa sababu ya mfumo anaotumia, mwambie wenye mifumo walishaanza kufanya kazi pamoja muda mrefu. Hata Januari 2018 Meltdown na Spectre zilipotangazwa, tundu lilikuwa kwenye prosesa, halikumuuliza mtu anatumia nini, na wote watatu ilibidi watoe viraka.

Na Mint yangu niitaje pia, maana siwezi kuwataja wengine nikaificha yangu. Februari 20, 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, waliopakua Mint 17.3 ya Cinnamon siku ile walipelekwa kwenye faili lenye mlango wa uani ndani. Waliokuwa na mradi walitangaza siku iliyofuata kwenye blogu yao bila kuzunguka, wakaeleza jinsi ya kukagua. Kwenye kusema ukweli walipata alama zote, kwenye kulinda tovuti hawakupata.

Mapungufu mengine ya Linux nitayapitia haraka. Photoshop haipo. Office kamili ya Microsoft haipo, LibreOffice inafungua nyaraka nyingi vizuri ila jedwali zito lenye makro linaweza kukusumbua. Baadhi ya chipu za waifai watengenezaji wake hawajali Linux, mi nilihangaika siku mbili na moja, nikaishia kutumia waya mpaka nilipopata dereva wake. Michezo imekuwa bora sana miaka hii, isipokuwa ile ya mashindano yenye ulinzi wa kuzuia udanganyifu, mingi bado inaikataa.

Nikikumbuka Julai 19, 2024 ndo naona jinsi hata ulinzi wenyewe unavyoweza kuwa tundu. CrowdStrike, kampuni ya usalama, ilituma faili bovu la mipangilio kwa programu yake inayokaa ndani kabisa ya keneli ya Windows, na Microsoft wakakadiria kompyuta milioni 8.5 zikaanguka, skrini ya bluu, zikiwaka zinaanguka tena. Ndege zilikaa chini. Na kurekebisha ilibidi mtu aende kwenye kila mashine aiwashe kwa hali ya dharura afute faili kwa mkono. Mac na Linux siku ile hazikuguswa na lile faili, na Apple kwa upande wao walikuwa wameshaanza miaka kadhaa nyuma kuzitoa programu za watu wengine nje ya keneli. Lawama ya faili ni ya CrowdStrike, lakini kuacha mlango wa keneli wazi namna ile kwa kampuni za nje ni jambo ambalo Windows imelibeba kwa muda mrefu, japo sehemu ya sababu ni kwamba wenye antivairasi walilalamika sana Microsoft walipojaribu kuufunga enzi za Vista.

Alama zangu. Mac nne kati ya tano, kinachopungua ni ule ukimya wa tarehe na kwamba siku wakiamua mashine yako imezeeka huna sauti. Windows 11 tatu na nusu, ukiwa na mashine inayoikubali na ukaiacha ijisasishe uko salama kuliko watu wanavyosema, hiyo nusu na moja nimezitoa kwa ajili ya Recall na kwa ajili ya wenye mashine nzima walioachwa nje. Windows 10 isiyo na viraka siipi kitu, usiitumie kwa mambo ya benki, hilo nakuomba. Linux Mint nne, ingekuwa nne na nusu kama watu wanaotunza vile vijiprogramu vidogo chini kabisa wangekuwa wanalipwa, na bado xz inanifanya nisiende juu zaidi.

Kama wewe ni mmoja wa walioachwa na Windows 10 na laptopu bado nzima, usikurupuke kufuta kitu. Nakili kwanza mafaili yako yote kwenye diski ya nje, uitoe diski uiweke pembeni. Tafuta fleshi ya GB 8 ambayo haina kitu, pakua Mint kutoka kwenye tovuti yao yenyewe, kagua ile namba ndefu ya faili kama inalingana na waliyoiandika, usiiruke hatua hiyo kwa sababu ya ile habari ya 2016. Alafu washa laptopu kutoka kwenye fleshi bila kuinstoli. Itafunguka kama kawaida, jaribu waifai, jaribu sauti, jaribu kamera, jaribu printa, fungua nyaraka zako mbili tatu zile ngumu, kaa nayo hata jioni nzima. Kitakachogoma utakiona hapo hapo, na ukizima ukachomoa fleshi laptopu inawaka na Windows yako vilevile kama ulivyoiacha.